Kichupa Namba 177

Mzee Bohdan Hnatiuk,

ofisi ya ufadhili imenitaka ukurasa mmoja:
nitaje jina la marehemu, nitaje kiasi,
nishukuru, nitie sahihi kwa wino wa buluu.
Nimeandika mara tatu, nimechana mara tatu.
Shukrani zile zilikuwa zimefunga tai.

Basi naanza na buti.
Hapa Saskatoon nakaa chumba cha chini ya ardhi,
dirisha langu liko usawa wa theluji,
majirani nawajua kwa visigino.
Fedha yenye jina la Orysia imelipa karo, imelipa kodi,
ikabaki ya buti zisizovuja.
Nilimuuliza msimamizi wangu kama buti ni sayansi.
Akatazama nje, nyuzi thelathini chini ya sifuri,
akasema: andika.

Nasikia uliuza robo ya shamba.
Sikuuliza bei. Waliitaja hata hivyo,
kwa sauti ile ya kutajia uzito wa mtoto mchanga.

Sasa jambo lenyewe.
Katika jokofu la ghorofa ya tatu,
lenye baridi inayong'ata kupitia glavu,
kuna kisanduku kisichoguswa kwa miaka sita.
Si kwa heshima;
kila mtu alidhani kina mwenyewe.
Vichupa vyake ni vidogo kama kidole cha mwisho,
mwandiko umejikunyata,
na kila saba imefungwa mkanda kiunoni.
Namba 177 inasema:
dengu, shamba la Tato, kando ya mtaro.

Na katika daftari lake, pembezoni, kwa penseli:
nilipokuwa na miaka tisa nilichimba kwa kijiko cha supu,
nikamwonyesha Tato vifundo vya mizizi.
Akasema ni ugonjwa, tupa.
Nikatupa kimoja.
Kingine nikakificha ndani ya soksi.

Mzee, sidhani kama hili ulilijua.
Samahani kama ulilijua.

Nikakwangua barafu ya 177 kwa ncha ya sindano,
nikachora mistari juu ya agari, nikafunika, nikangoja.
Siku ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya.
Ya tatu nikaanza kuandika "hakuna" kwenye safu ya matokeo,
nikaishia "haku".
Ya nne: matone meupe, mazito, yanayong'aa,
kama mtu kamwaga maziwa nukta kwa nukta.

Sisemi ni yeye. Mimi ni mtu wa vipimo.
Bakteria hawamjui aliyewagandisha;
wanajua sukari, wanajua joto, wanagawanyika.
Lakini nilipowapa miche ya dengu kwenye kibanda cha kioo
walijua mlango ulipo.
Wiki ya tano nikang'oa mmoja, nikaosha mzizi,
nikapasua kifundo kwa wembe.
Kikifa huwa kijivu.
Hiki ndani kilikuwa chekundu kama ufizi.
Nikakaa sakafuni, na buti zangu mpya.

Ugonjwa ule, Mzee,
ulikuwa ukivuta hewa na kulisha shamba lako, bure,
miaka yote uliyokuwa ukiulaani.

Nusu nimeihifadhi. Kichupa kipya, mwandiko wangu.
Saba zangu hazina mkanda;
nilijaribu kuzifunga, zikaonekana za kuigiza.

Ukurasa unakwisha na bado sijashukuru.
Badala yake nina swali, ni la jedwali langu:
mtaro upi?
Wa mashariki, au ule wa barabarani?
Orysia hakuandika.
Nadhani aliona jibu liko nyumbani,
angekuuliza siku yoyote.

Kaylene Opikokew